Kabla Hujalipia Safari ya Dubai ya Mwezi wa Saba

Kila mwaka, mwezi wa tano ukikaribia kwisha, matangazo ya Dubai hujaa kwenye simu za watu wa Nairobi na Dar es Salaam: siku tano, hoteli, viza na matembezi ya jangwani, kwa bei ambayo Desemba huipati. Bei hiyo ni ya kweli, na kinachoishusha ni joto. Kabla hujatuma malipo ya awali, elewa joto hilo likoje, kwa sababu anayelipima kwa joto la Mombasa au Dar anajidanganya.

Julai na Agosti, nyuzi joto 41 mchana ni jambo la kawaida, na zipo siku zinazopita 45. Usiku wenyewe hucheza kwenye 30. Mji uko kando ya bahari, kwa hiyo kuna fukuto: jasho halikauki mwilini, na miwani hufunga ukungu mara tu unapotoka mlango wa hoteli. Bahari nayo huwa vuguvugu, zaidi ya nyuzi 30, hivyo kuogelea hakukupozi. Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba serikali ya huko inakataza kazi za juani kati ya saa 6:30 mchana na saa 9 alasiri. Ikiwa mjenzi aliyezoea jua lile anapumzishwa kwa amri ya sheria, usipange kumtembeza mtoto au mzazi wako mzee saa hizo.

Kuna jambo jingine ambalo mawakala hawalitaji mpaka uulize. Baadhi ya vivutio vinavyong'aa kwenye matangazo hufungwa kabisa msimu wa joto. Global Village (maonyesho na masoko ya nchi mbalimbali) na Miracle Garden (bustani ya maua), kwa mfano, ni vya miezi ya baridi tu. Jengo refu la Burj Khalifa, lenye mita 828, halifungwi, lakini siku za kiangazi anga mara nyingi hujaa vumbi na unyevu, ukipanda ghorofa ya 124 unaona ukungu wa kijivu kwa tiketi ya bei ileile. Ndani ya maduka, kinyume chake, viyoyozi huvuma hadi watu wakatetemeka. Mtandio au koti jepesi libaki kwenye mkoba muda wote, kwani kuingia baridini na jasho mwilini mara kumi kwa siku kunawasumbua wengi.

Msimamo wangu ni kwamba anayekwenda kutembea aende kati ya Novemba na Machi, hata kama atapunguza siku mbili ili bajeti itoshe. Ambaye likizo yake ni Julai tu atoke kabla ya saa 3 asubuhi, arudi ndani, kisha atoke tena baada ya magharibi.

Umbali ndio unaofuata kuwachosha watu. Dubai imejinyoosha kando ya pwani, na kutoka mtaa wa Deira, kwenye hoteli za bei nafuu, hadi mtaa wa Marina ni karibu kilomita 30. Ramani inaweza kukuonyesha kwamba hoteli na duka vinatazamana, kumbe katikati kuna Sheikh Zayed Road yenye njia zaidi ya kumi, na kwa miguu huivuki popote upendapo; wengi hutumia madaraja ya vituo vya metro, yaani treni ya mjini. Kuvuka barabara pasiporuhusiwa faini yake ni dirham 400 (dirham ndiyo fedha ya huko), na sheria iliyoanza 2025 imeongeza ukali kwa barabara zenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa au zaidi. Hata kutoka kituo cha Burj Khalifa hadi ndani ya Dubai Mall ni ukumbi wa kutembea wa mita 820. Kwa hiyo tafuta hoteli iliyo jirani na kituo cha metro, na umbali huo uukadirie kwa dakika za kutembea juani.

Kadi ya Nol ya rangi ya fedha, ya kulipia nauli ya metro, ni dirham 25, na 19 kati ya hizo ni nauli yako. Safari moja ni dirham 3, 5 au 7.50 kulingana na kanda unazopita. Behewa la wanawake na watoto limewekewa alama ya waridi, na mwanamume akiingia humo hutozwa dirham 100. Kula au kunywa ndani ya treni nako ni faini ya 100, hata kama ni maji, kwa hiyo kunywa kabla hujapita geti.

Kwenye hoteli, bei ya mtandaoni mara nyingi si bei ya mwisho. Juu yake kuna huduma asilimia 10, ada ya manispaa asilimia 7, VAT asilimia 5, na ada ya utalii ya dirham 7 hadi 20 kwa kila chumba kila usiku kulingana na daraja la hoteli. Chukua chumba cha dirham 200 katika hoteli ya nyota tatu kwa usiku tano: unadhani ni 1,000, unaambiwa karibu 1,270. Kisha hoteli hushikilia dhamana kwenye kadi yako, na kwa kadi ya benki ya kawaida pesa hizo zinaweza kuchelewa kurudi hata baada ya wewe kufika nyumbani. Uliza kwa maandishi: bei hii ina kodi zote, na dhamana ni kiasi gani?

Sheria ndiyo ya kuhofia zaidi. Miraa ni dawa za kulevya kule, na kisingizio cha kwamba nyumbani inauzwa sokoni hakitasikilizwa. Tramadol, dawa za kikohozi au maumivu zenye kodeini, na diazepam zinadhibitiwa, hivyo omba kibali cha serikali ya huko mtandaoni kabla ya kusafiri, ubebe cheti cha daktari, na dawa zibaki kwenye boksi lake. Usipige picha ya mtu bila ridhaa yake, na tusi la WhatsApp ni kosa la jinai. Simu za WhatsApp zenyewe hazipiti, za sauti wala za video. Waambie wa nyumbani mapema kwamba mtaandikiana au kutumiana ujumbe wa sauti, wasije wakahangaika.

Wanaokwenda na nia ya dhahabu wajue kwamba bei ya gramu hutangazwa kila siku na haina mjadala. Mnapopatana ni kwenye ujira wa sonara. Mkufu wa gramu 20 kwa ujira wa dirham 40 kwa gramu unakuongezea 800. Ukiushusha hadi 25, umeokoa 300. Ukinunua chenye mawe, uliza uzito wa dhahabu bila mawe. Omba risiti ya marejesho ya VAT hapohapo dukani, pasipoti mkononi. Ununuzi uwe kuanzia dirham 250, nawe utarudishiwa asilimia 87 ya VAT, ukikatwa 4.80 kwa kila risiti. VAT ikiwa 500, unapata kama 430.

Uwanja wa ndege, pitia kaunta ya VAT kabla ya kukabidhi masanduku, na dhahabu uwe nayo mkononi, maana wanaweza kutaka kuiona. Metro inafika Terminal 1 na 3, ila Terminal 2, inayotumiwa na ndege nyingi za flydubai, haina kituo. Ndani ya metro kila abiria anaruhusiwa sanduku moja kubwa na begi moja dogo. Jumapili treni huanza saa 2 asubuhi, kwa hiyo mwenye ndege ya alfajiri siku hiyo atenge pesa za teksi.