Roboti yetu inalia betri na meneja anasema tusiiguse

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha unga wa ngano. Mwaka jana mwenye kiwanda alinunua roboti ya kampuni ya FANUC ya Japani, iliyokwisha kutumika, ya viungo vinne, inayopanga mifuko kwenye paleti. Ilikuja bila kumbukumbu yoyote ya matengenezo. Tunafanya kazi saa 24, siku sita kwa wiki, Jumapili tunazima kila kitu. Wiki ya pili sasa inaonyesha alamu ya SRVO-065 BLAL, ila kazi inaendelea kama kawaida. Meneja anasema tusiiguse mpaka iharibike. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Anzia kwenye hiyo hiyo alamu, na nakuomba Jumapili hii msiizime roboti kabla hujafanya ninachokueleza.

Ndani ya kila mota ya roboti kuna enkoda inayohesabu mizunguko. Umeme ukizimwa, hesabu hiyo inashikiliwa na betri nne za alkali za saizi D, zile nene za tochi, zilizo kwenye kisanduku mwilini mwa roboti, kwa kawaida kwenye kitako. BLAL maana yake betri zimechoka. Zikiisha kabisa utaiona SRVO-062 BZAL, na hapo roboti haijui tena mkono wake uko wapi. Kazi inaendelea sasa kwa sababu umeme wa paneli, lile kabati linaloiendesha roboti, upo. Hatari yenu ni Jumapili, au siku umeme utakapokatika.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mafundi wazuri wanapokosea kwa sababu ya uzuri wao. Tumefundishwa kuzima kwanza ndipo tuguse. Betri hizi zinabadilishwa roboti ikiwa IMEWASHWA, kitufe cha dharura kikiwa kimebonyezwa ili isiweze kutembea. Ukizima ukazitoa, umefuta kumbukumbu kwa mkono wako. Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja ambako fundi mwangalifu sana alizima swichi kuu, akatoa betri za zamani, akaweka mpya, akawasha. Roboti ilikuwa haijitambui. Namba za sifuri, yaani zile zinazoiambia roboti kila kiungo kinaanzia kuhesabu wapi, hazikuwa zimeandikwa popote na nakala ya programu haikuwepo. Tulitumia siku nne kuirudisha kwenye alama zake na kurekebisha pointi moja baada ya nyingine, huku mifuko ikipangwa kwa mabega ya vibarua.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kisanduku cha betri, chomeka flashi na uchukue nakala ya kila kitu. Kisha fungua ukurasa wa namba za sifuri za viungo vyote vinne kwenye pendanti (kile kidude cha mkononi chenye skrini cha kuongozea roboti), upige picha, na uziandike kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa paneli. Nunua betri mpya za chapa inayoaminika, badilisha zote nne kwa pamoja, andika tarehe. Baada ya hapo ni kila mwaka, alamu isisubiriwe. Ipo pia betri ndogo ya lithiamu ya volti 3 kwenye bodi kuu ndani ya paneli, inayotunza kumbukumbu ya programu. Hiyo hubadilishwa takriban kila miaka minne, na kwa kuwa hamjui historia ya roboti yenu, iagizeni sasa.

La pili ni grisi. Kwa roboti nyingi kubwa za FANUC, grisi ya giaboksi hubadilishwa kila saa 11,520 za kazi au miaka mitatu, lolote litakalotangulia. Watu wanaikumbuka miaka mitatu tu. Ninyi mnakesha: saa 24 kwa siku sita ni saa 144 kwa wiki, na 11,520 ukigawa kwa 144 unapata wiki 80. Yaani mwaka mmoja na nusu, nusu ya muda ambao wengi wangeuandika kwenye kalenda. Na roboti yenu imekuja na saa za mmiliki wa kwanza, msizozijua. Mimi ningeibadilisha mara moja na kuanza kuhesabu upya.

Tumia aina na kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha modeli yenu. Grisi ya beringi za konveya ikae huko huko kwenye konveya, na aina mbili zisichanganywe. Fungua kizibo cha kutokea KABLA ya kupampu, kisha pampu kwa mkono, taratibu. Ukisahau kizibo, shinikizo litasukuma sili (mpira wa kuziba) ya mota na grisi itaingia ndani ya mota. Grisi mpya ikishaanza kutoka, acha kizibo wazi, toka nje ya uzio na uitembeze roboti kama dakika 20 ili shinikizo lililobaki litoke, ndipo ufunge. Ile ya zamani usiitupe kabla ya kuisugua kati ya vidole kwenye mwanga. Ikimeta kama rangi ya fedha, au ukihisi chembe, meno ya giaboksi yanalika, na ni heri uagize spea sasa wakati mashine bado inatembea.

Unga una mambo yake. Nimeona mafundi wakimalizia shifti kwa kupuliza roboti kwa hewa ya kompresa. Inapendeza macho, lakini vumbi linasukumwa ndani ya sili na kwenye viunganishi vya kebo. Tena vumbi la unga likitanda hewani na kukutana na cheche linaweza kulipuka. Tumieni mashine ya kufyonza vumbi, iliyotengenezwa kwa vumbi linaloweza kuwaka. Na ule mtindo wa kuacha mlango wa paneli wazi na kuelekeza feni ya kusimama ndani kwa sababu ya joto, tafadhali uacheni leo. Paneli hizi zimeundwa ili hewa ya ndani na ya nje zisichanganyike. Ikipata joto, safisha feni na mapezi ya kupozea ya nyuma.

Kila siku, kazi ni ya macho na masikio: makucha ya kushikia mifuko, bolti zilizolegea, mchirizi wa grisi, kebo inayosuguana na chuma mkono unapozunguka, maji kwenye chujio la hewa. Mara moja kwa mwezi ipeleke roboti kwenye sifuri na uangalie kama mistari iliyochongwa kwenye viungo inakutana. Hapo hapo kagua breki: ukikata umeme wa mota kwa kitufe cha dharura, mkono usishuke. Waeleze pia waendeshaji kwamba kitufe hicho si cha kusimamishia kazi wakienda chai. Kila kukibonyeza roboti ikiwa kasini kunalisha breki na giaboksi kipigo kisicho na sababu. Kitufe cha kusitisha programu kipo.

Usiingie ndani ya uzio bila kufuli lako kwenye swichi, na ufunguo mfukoni mwako. Mwaka 1979, katika kiwanda cha Ford huko Flat Rock, Michigan, Robert Williams alipanda kwenye rafu kuchukua vipuri kwa mkono, mkono wa roboti ukamgonga akafa. Kazi inayolazimu umeme kuwepo, kama hiyo ya betri, ifanye kitufe cha dharura kikiwa kimebonyezwa na mwenzako akiwa amesimama nacho. Kutembeza roboti ukiwa karibu ni kwenye T1 tu, hali ya kuiendesha taratibu kwa mkono, ambako kasi haizidi milimita 250 kwa sekunde. Na usifungue mota ya kiungo kinachobeba uzito kabla mkono haujaegemezwa, kwa kuwa breki imo ndani ya mota hiyo.

Kwa meneja, usiende na neno «matengenezo». Nenda na hesabu: mifuko mingapi inapangwa kwa shifti, na siku nne bila roboti ni mifuko mingapi. Weka kando yake bei ya betri nne na ndoo ya grisi. Mwombe saa mbili za Jumapili hii kwa nakala na betri, na Jumapili moja nzima mwezi ujao kwa grisi. Picha ya zile namba za sifuri piga leo, kabla shifti ya usiku haijaingia.