Kaskazini mwa Estonia au kaskazini ya Estonia?

Msomaji wetu mmoja, mwalimu huko Eldoret, anaandaa maelezo mafupi ya nchi za Ulaya kwa wanafunzi wake, katuletea sentensi zake tuzikague: "Estonia iko na watu milioni 1.3 na iko kaskazini ya Ulaya. Kaskazini ya Estonia kuna Ufini, na kaskazini ya Estonia ndiko kuna mji mkuu, Tallinn. Ilipata uhuru 1991. Waestoni wanaongea Kiestoni." Mwenzake kamwambia hizo kaskazini zinachanganya, naye haoni kosa liko wapi.

Mwenzako yuko sawa bana. Umesema kaskazini ya Estonia kuna Ufini halafu hapohapo kaskazini ya Estonia kuna Tallinn, mtoto akisoma hivyo si atadhani Tallinn iko Ufini? Hiyo "ya" umeibebesha kazi mbili. Kitu kikiwa ndani ya eneo tunasema "mwa", ni ile ile ya "nyumbani mwa Juma", kwa hiyo kaskazini mwa Estonia ni sehemu ya juu ya nchi yenyewe, na Tallinn ndo iko huko, pwani kabisa. Kikiwa nje ya mpaka hapo ndo unaweka "ya", na wengine husema "kwa", basi ukienda kaskazini ya Estonia unakutana na maji ya Ghuba ya Ufini kwanza, kama kilomita 80 za feri, saa mbili hivi, ndo unashuka Helsinki. Sasa zipange: Estonia iko kaskazini mwa Ulaya, iko kaskazini ya Latvia, iko magharibi ya Urusi, na kale kamlima kao karefu kuliko vyote, Suur Munamägi, kako kusini mashariki mwa Estonia (mita 318 tu, mimi ningekaita kilima na wala wasingekasirika, jina lenyewe ni kama kusema Kilima Kikubwa cha Yai). Hata huku kwetu ni hivyohivyo, Turkana iko kaskazini mwa Kenya, Ethiopia iko kaskazini ya Kenya. Najua magazeti yanavuruga na redioni ndo usiseme, na kwenye stori za kawaida hakuna atakayekukamata, ila wewe unawaelekeza watoto kwenye ramani, hapo silabi moja inakupeleka nchi nyingine.

"Iko na watu" najua ndo mnavyoongea na sina ugomvi nayo mtaani, kwenye maandishi ya darasani weka "ina watu". Iko ni ya mahali, ina ni ya kumiliki, basi.

Kuhusu wenyewe, mmoja ni Mwestonia, wengi ni Waestonia, lugha Kiestonia. Usikate hiyo -a ya mwisho, tunafuata njia ya Mwitalia na Waitalia. Wala usiandike Uestonia kisa umeona Uingereza na Ufini, majina haya yanayoishia na -ia mengi yameingia kwetu yalivyo, angalia Italia, Australia, Latvia. Na kwa kuwa unawafundisha lugha pia, waambie Kiestonia ni ndugu wa Kifini, hakina undugu na Kirusi japo wamepakana, halafu kina kitu watakachokipenda: hakitofautishi mwanamke na mwanaume kwenye kiwakilishi, wao wanasema "ta" kwa wote kama sisi tunavyosema "yeye" na maisha yanaendelea.

Hiyo "ilipata uhuru 1991" ndo ingenisumbua zaidi kama ningekuwa Mwestonia, manake kupata ni kwa asiyekuwa nacho. Hawa walitangaza uhuru tarehe 24 Februari 1918, wakaupoteza 1940 walipomezwa na Umoja wa Kisovieti, kisha 20 Agosti 1991 wakaurudisha. Kwa hiyo andika "ilirejesha uhuru wake 1991", na kama una nafasi weka na ile ya 1918, kwa sababu siku yao ya uhuru wanaisherehekea Februari.