Pesa imeingia, mkono wa mtoto bado manjano

Swali: Mimi ni VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini) huku Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda. Tangu jirani yangu aanze kupokea pesa badala ya posho (unga wa mahindi) na maharagwe, nyumba inakula mara tatu kwa siku na watoto wakubwa wamerudi shule. Ila mdogo, wa miezi 14, utepe wa kupima unene wa mkono unasoma sentimita 12.1, rangi ya manjano, kwa miezi mitatu sasa. Majirani wanasema mama yake anakula pesa. Kweli pesa haimsaidii mtoto?

Jibu: Kwanza mwondoleeni huyo mama lawama. Chungu kupikwa mara tatu na wakubwa kurudi darasani ndipo pesa inapoonekana mapema. Huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, familia zenye watoto wa chekechea ziliwahi kugawanywa, hawa wakapewa chakula, wale pesa. Waliopewa pesa ndio watoto wao walionekana kupiga hatua katika kujifunza, na upungufu wa damu ukapungua. Wale hawakuwa wakimbizi, lakini nchi ni ileile ya Uganda.

Mkono wa mtoto wa miezi 14 una mambo yake. Hesabu vyakula vyake vya jana. Wataalamu wa lishe wana makundi 8, na mtoto wa umri huo anatakiwa apate angalau 5 kwa siku. Posho ni moja, maharagwe la pili, ziwa la mama la tatu. Wengi hapo huongeza karanga wakidhani wamefika manne, kumbe karanga ziko kundi moja na maharagwe! Lengalenga (mboga ya majani) na mukene (dagaa) wa kusaga ndivyo vinamfikisha 5, na lengalenga hata nyuma ya nyumba inaota. Uji nao uwe mzito, usidondoke kijikoni kama maji.

Halafu uliza kuhusu kuhara. Mtoto anayeharisha kila baada ya wiki mbili, hata umlishe mayai, ni vigumu mkono kunenepa. Hapo maji na choo navyo vina neno, si pesa tu.

Na pesa yenyewe ni kiasi gani? Julai 2023, WFP (Shirika la Mpango wa Chakula Duniani) ilipozigawa familia za wakimbizi katika makundi matatu, walio hatarini zaidi walipata asilimia 60 ya mgao kamili, wa kati 30, wengine wakatolewa kabisa. Toa na deni la duka, ujue kinachobaki. (Huyo mama anayesemwa huenda anakula mlo mmoja ili watoto wale mitatu. Nimewaona wengi.)

Sasa usisubiri mwezi mwingine. Utepe ukisoma kuanzia sentimita 11.5 hadi chini ya 12.5 ni utapiamlo wa wastani, mpeleke kituo cha afya aandikishwe. Ikishuka chini ya 11.5, au miguu yote miwili ikivimba, aende siku hiyohiyo. Mwandikie nesi na siku alizoharisha mwezi huu.