Vibali vya fundi AC Arusha: nianze na karatasi ipi?

Vijana wakimaliza VETA au Chuo cha Ufundi Arusha hunijia na swali lile lile: "Kaka, nataka kufungua kampuni ya viyoyozi, leseni yake inatolewa wapi?" Huwa nawajibu kwa swali pia: kazi uliyonayo mkononi ni ipi? Leseni moja ya kazi zote za baridi na joto hapa kwetu hakuna. Anayesafisha AC za nyumbani Njiro, anayejenga chumba cha baridi cha maua Usa River na anayefunga mfumo mzima wa hoteli ya ghorofa wote wanaitwa mafundi AC, lakini karatasi wanazodaiwa hazilingani hata kidogo. Nimeona wadogo zetu wakihangaika na usajili wa ukandarasi wakati kazi walizonazo ni za kujaza gesi kwenye friji za baa. Wengine wamefika geti la saiti kubwa na leseni ya karakana peke yake, wakarudishwa na vifaa vyao juu ya Kirikuu.

Kwanza uwe na ujuzi ulioandikwa. Waliosoma darasani wana vyeti tayari. Kama umejifunza kwa fundi pale Unga Limited, ukaanza kwa kushika tochi hadi ukaachiwa kuchomelea shaba mwenyewe, usijione huna njia. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa kazi unayoifanya, wanaona upungufu wako uko wapi, unaongezewa pale panapopungua, unapewa cheti. Kifuate mapema, kwa sababu milango mingine yote huko mbele itakuuliza nani ana ujuzi katika biashara yako.

Kisha BRELA, wakala wa kusajili biashara na kampuni. Usajili unafanyika mtandaoni, na namba ya NIDA ndiyo ufunguo. Wengi hujaza fomu harakaharaka na kuteleza kwenye shughuli za biashara. Mfumo unatumia namba za kimataifa za kupanga shughuli za uchumi. 4322 ni ufungaji wa mabomba, mifumo ya joto na viyoyozi. 9522 ni ukarabati wa vifaa vya nyumbani. Ukichagua ya pili peke yake, siku ukiomba tenda ya kufunga mfumo, mnunuzi ataona karatasi zako zinasema wewe ni mtengeneza friji. Weka zote mbili kama unafanya zote mbili. Ukifungua kampuni badala ya jina la biashara, jua unadaiwa taarifa ya kila mwaka hata kama mwaka mzima hukupata kazi.

TRA sitakaa sana. TIN ni bure, asikutoze mtu. Ila kama TIN yako uliipata ulipokuwa unachukua leseni ya udereva, hiyo si ya biashara, nenda ukaibadilishe. Leseni ya biashara ya karakana unaiomba halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI, unapewa kontroli namba, unalipa, na inadumu miezi kumi na miwili tangu ilipotolewa. Wa Moshi mjini wataomba Manispaa, wa Arusha mjini wataomba Jiji. Angalia mpaka wako vizuri, kwa sababu ukivuka Jiji kidogo tu unaweza kuwa umeingia Arusha DC au Meru.

Sasa tuje kwenye umeme, na hapa naomba mnisikilize kweli. AC ni mashine ya umeme. Ukichomeka kifaa kwenye soketi iliyopo, sawa. Ukianza kuvuta waya mpya kutoka kwenye bodi ya umeme, kuweka breka na swichi ya kukatia ukutani, umeingia kwenye kazi ya ufungaji wa umeme, na kazi hiyo chini ya Sheria ya Umeme ya 2008 inahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Leseni zao zina madaraja, na daraja lako ndilo linalosema unaruhusiwa kugusa umeme wa ukubwa gani. Maombi yanafanyika mtandaoni, na wana ofisi ya kanda hapa Arusha ukitaka kuuliza ana kwa ana. Kama huna leseni hiyo, shirikiana na mwenye nayo, mpe sehemu yake ya malipo, na asaini kazi aliyoifanya yeye. Jengo likiungua, uchunguzi utaanza kwenye nyaya, na kampuni ya bima itataka jina la aliyezifunga. Usiache jibu likawa "kijana mmoja alikuja na pikipiki".

Mlango mkubwa ni Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya 1997. Kazi ikishakuwa ya ujenzi, yaani unafunga mfumo wa jengo kwa mkataba, bodi inakuhusu. Viyoyozi, uingizaji hewa na majokofu makubwa viko upande wa mitambo. Wanaangalia mtu mwenye sifa za kitaalamu ndani ya kampuni, vifaa vyenu na uwezo wenu wa fedha, kisha wanakupa daraja lenye kikomo cha thamani ya kazi unayoweza kuchukua. Usajili wa kampuni pekee hautoshi. Kila mradi nao husajiliwa kabla ya kuanza, na stika pamoja na kibao vinapaswa kuonekana saiti. Wakaguzi wakipita, kibao ndicho wanachokitazama kwanza, hata kabla hawajauliza bosi ni nani.

Kuna biashara inayofanyika chinichini ya kukodisha jina. Mwenye kampuni iliyosajiliwa anakupa karatasi zake, unaomba kazi kwa jina lake, anakata asilimia. Kijana anaona amepata njia ya mkato. Mimi nakwambia kaa mbali nayo kabisa. Malipo yanaingia akaunti ya mwenye jina, wewe unabaki kumpigia simu. Na kazi ukiifanya vizuri, sifa na barua ya utendaji anapata yeye, kwa hiyo mwaka ukiisha bado huna uzoefu wa kuonyesha mahali popote. Omba ukandarasi mdogo wa wazi, wenye mkataba ulioandikwa jina lako, hata kama kipande chako ni mabomba na maji machafu ya AC tu. Barua moja ya namna hiyo ina uzito kuliko mradi mkubwa uliopita chini ya kivuli cha mtu. Ukishasajiliwa, ulizia mfuko wa bodi wa kuwasaidia makandarasi wadogo na wa kati, kwa sababu unatoa dhamana za zabuni ambazo benki zingekudai rehani ya nyumba.

Wa upande wa joto nao wasijisahau. Boila ya mvuke ya hospitali au ya dobi la hoteli, pamoja na mitungi ya shinikizo, hukaguliwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na mahali pako pa kazi panatakiwa kusajiliwa kwao chini ya sheria ya 2003. Ukiajiri hata saidia fundi mmoja, mwandikishe NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kazi yetu ni ya ngazi, mapaa na umeme. Kijana akianguka kutoka ghorofa ya tatu akiwa ameshika mashine ya nje ya AC, familia yake itakuja kwako, na Mfuko wa Fidia ndio utakaomtibu.

Gesi ina sheria zake. R-22, gesi ya AC na friji za zamani, inaondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal wa 1987. Kwa nchi zinazoendelea, ratiba ilitaka matumizi yashuke kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na mwisho wake ni 2030, ikibaki akiba ndogo ya matengenezo. Loji nyingi za zamani bado zinaitumia. Mweleze mteja kabla hujajaza, kwa maandishi. Kuifungulia gesi hewani kwa makusudi ni kosa la kimazingira, kwa hiyo nunua mashine ya kuvuta gesi na mtungi wa kuihifadhi. Friji mpya za R-600a na R-290 gesi yake inawaka: soma kibandiko cha kompresa kabla hujawasha tochi ya kuchomelea.

Hoteli kubwa na hospitali huomba ripoti ya makabidhiano, na hapo ndipo cheti chako kinapopimwa na macho ya mhandisi wao. Chukua vakyumu kwa mfano, yaani kuvuta hewa na unyevu kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Geji ya kawaida itashuka hadi inchi 25 hivi za zebaki na kugoma, wakati kitabu kinasema karibu 30. Nimekuta vijana wakitupa pampu nzima kwa sababu hiyo. Tumia geji ya maikroni, inayopima vakyumu kwa vipimo vidogo zaidi, vuta hadi chini ya 500, funga valvu, subiri uone kama inapanda, kisha andika namba zote mbili, ya mwanzo na ya baada ya kusubiri, pamoja na saa kwenye ripoti. Mhandisi akiona ukurasa huo hata maswali yake hupungua.

Tenda za serikali sasa zinapita NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni, jisajili hata kabla hujaona tangazo linalokufaa, maana nyaraka zako zote lazima ziwe hai siku ya kuomba. Kwenye ankara tenganisha vifaa na ufundi. Malipo ya ufundi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na fedha hiyo inahesabika kwenye kodi yako ya mwaka, mradi una cheti cha zuio. Kidai cheti hicho siku ile ile unapolipwa, kwa mhasibu yule yule aliyekukata, kabla hajahamishiwa kituo kingine.