Shangazi Anajibu: Ubishi wa saluni

SWALI: Shikamoo Shangazi. Jumamosi, saluni ninakosukia hapa Sinza, ulizuka ubishi kuhusu kutoa mimba. Mama mmoja wa kwaya alisema anayetoa mimba ni muuaji, hana jina jingine. Nesi aliyekuwa chini ya draya akamjibu, "Mwili wake, uamuzi wake." Walipigiana kelele mpaka msusi akaniacha kichwa nusu. Nani alikuwa sahihi? – Mama Brayan

JIBU: Marahaba, Mama Brayan. Pole na kichwa.

Kuhusu mimba yenyewe nakuachia wewe na imani yako. Lakini nimesimamia midahalo ya sekondari Temeke miaka mingi, na hao wawili nawajua hata kabla sijawaona. Hawakuwa wanajibu swali moja. Mama wa kwaya anauliza tumboni kuna nani. Nesi anauliza nani mwenye kauli. Kila mmoja alishinda swali lake, la mwenzie akaliruka.

Sasa sikiliza wanavyosema. Upande wa mama wa kwaya hupenda "kichanga", na ukisikia kichanga unamwona mtoto kwenye kanga analia, hata kama mimba ni ya wiki sita. Upande wa pili husema "alisafishwa", kana kwamba mle ndani mlikuwa na uchafu tu. (Hao vijana wa "kuchoropoa" siwazungumzii, wanamcheka mwanamke na kumaliza.) Na mifano ndiyo hivyo hivyo: mmoja atakuletea mwanachuo aliyeogopa kukosa mahafali, mwingine atakuletea binti wa darasa la sita aliyebakwa na baba yake mdogo. Wote wawili wapo mjini humu. Kila upande unamtoa wake mbele na kumficha wa mwenzie.

Kwenye sheria ndiyo kabisa. Mama wa kwaya atakutajia Kanuni ya Adhabu: kifungu cha 150, anayemtoa mtu mimba, hadi miaka 14 jela, cha 151, mwanamke mwenyewe, hadi miaka 7. Kweli. Hatakutajia cha 230, kinachomlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Nesi naye atakuja na Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ambayo Tanzania iliiridhia 2007, na kifungu chake cha 14 kinataka kutoa mimba kuruhusiwe kwa aliyebakwa, aliyepewa mimba na ndugu wa damu, au mama ambaye afya yake iko hatarini. Kweli pia. Atanyamaza kwamba mwanamke akifikishwa mahakamani hapa anasomewa Kanuni ya Adhabu, si Maputo.

Wakianza tena, mwombe mama wa kwaya amzungumzie yule binti wa darasa la sita, na nesi umuulize mimba ya miezi minane. Usikubali wabadili mada. Ila subiri kwanza msusi amalize.