Ukichomoa waya, risiti iko wapi?

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, programu yangu ya duka nimeiua kwa kill -9 mara hamsini na hakuna risiti iliyopotea. Naweza kumwekea mteja Jumatatu?" Kill -9 ni amri ya kuizima programu papo hapo, bila kuaga. Nilitaka kumjibu kwa neno moja, na kali. Halafu nikakumbuka kuwa miaka michache nyuma mimi mwenyewe ningemwambia aweke hata Jumapili.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mwenye duka la jumla Nyamakima, Nairobi. Sukari, mchele, maharagwe, vyote kwa gunia. Wanunuzi wake wengi huchukua mali kwa deni, na madeni yote yalikaa kwenye kaunta buku moja nene, mgongo umeshikwa na selotepu. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye buku lile. Nilimwekea kompyuta ndogo yenye mfumo wa Linux, printa ya risiti, na programu niliyoiandika mwenyewe usiku baada ya kazi. Kila risiti ilikuwa faili yake. Ukibonyeza, skrini inaandika "Imehifadhiwa" kwa kijani. Kijani kile nilikipenda mno. Nilikipiga picha nikaweka statasi.

Stima ilipotea adhuhuri ya Jumamosi. Si lile giza la Agosti 25, 2023 lililofunika karibu nchi nzima. Hilo lilikuja usiku, maduka yamefungwa. Langu lilikuwa giza la kawaida la mtaa, robo saa tu. Iliporudi, programu ilikataa kufunguka. Nilifika nikakuta mikokoteni imepanga foleni hadi barabarani na mama ameketi kimya, mikono mapajani.

Kwenye folda ya risiti mlikuwa na faili mbili zenye majina kamili, tarehe kamili, na ukubwa wa baiti 0. Programu yangu ilikuwa inazisoma, inakuta utupu, inaanguka. Na kulikuwa na risiti ya tatu, magunia manne ya sukari kwa deni, ambayo mnunuzi alikuwa ameshika karatasi yake mkononi. Kwenye diski haikuwepo hata kwa jina.

"Kijana yangu," mama akauliza, "si iliandika imehifadhiwa?"

Sikuwa na jibu. Jibu nililipata baadaye, na ninalitoa hapa bure ingawa mimi nililinunua ghali. Programu ikiandika faili, Linux hupokea data, huiweka kwenye kumbukumbu, kisha hujibu "sawa". Diski bado haijaguswa. Kwa mipangilio ya kawaida data inaweza kukaa humo kama sekunde 30 kabla ya kuanza kushushwa. Ext4, mfumo wa Linux wa kupanga faili kwenye diski, nayo ina daftari lake la mabadiliko ambalo hulifunga kila sekunde 5, na jina la faili huingia humo mapema. Yaliyomo huchelewa, kwa sababu ext4 haina haraka ya kuyatengea nafasi kwenye diski. Stima ikikatika katikati ya mambo hayo mawili, unabaki na jina lisilo na mwili. Ikikatika kabla ya daftari kufungwa, hata jina huna. Hiyo ndiyo Jumamosi ya mama, yote.

Wala si jambo jipya. Mwaka 2009 watumiaji wa ext4 walilalamika kwamba faili zao zinageuka tupu mashine ikizimika ghafla, na waandishi wa kerneli, kiini cha Linux, wakaongeza kinga kwa programu zinazobadilisha faili ya zamani kwa mpya. Risiti zangu zilikuwa faili mpya kabisa. Kinga ile haikuzihusu. Dawa ilikuwa fsync, wito wa kuiambia Linux ishushe data kwenye diski sasa hivi na isijibu hadi ifike, na fsync ilikuwepo tangu mimi sijajua kuandika programu. Sikuiita.

Sasa wewe wa kill -9. Unapoiua programu, kerneli iko hai, imeshika data yako, na itaifikisha diski kwa wakati wake. Umemuua mwandishi wa barua wakati barua tayari iko posta! Ua mara hamsini, ua mara elfu, utapata majibu mazuri yaleyale. Kuandika herufi b kwenye /proc/sysrq-trigger, faili maalumu ya kuiamuru kerneli, ni afadhali, maana mashine hujiwasha upya bila kushusha chochote. Lakini diski bado ina umeme na inaweza kumalizia kilichobaki kwenye kache yake, yaani kumbukumbu yake ya muda. Ukitaka kujua stima ikikatika itakuwaje, kata stima.

Nilinunua relei, swichi inayojikata na kujiwasha kwa amri, Luthuli Avenue, nikaifunga kwenye waya wa kompyuta ya majaribio, na laptopu ikawa shahidi. Kila risiti ikishasema "imehifadhiwa", namba yake inatumwa kwa shahidi. Relei inakata, stima inarudi, tunalinganisha. Kila namba aliyoisikia shahidi lazima iwe kwenye diski, nzima. Ile iliyokuwa njiani inaweza kuwepo nzima au isiwepo kabisa, lakini nusu hapana. Bila shahidi wa nje utaiuliza diski imepoteza nini, nayo itakujibu kwa kile ilichobaki nacho.

Usiku wa kwanza nilichomeka shahidi kwenye ekstensheni moja na mshtakiwa, na betri yake ilikuwa imekufa zamani. Saa nane usiku stima ya mtaa wa Pipeline ikapotea kweli. Shahidi na mshtakiwa wakazimika pamoja. Nilicheka peke yangu gizani.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilinifurahisha. Nilikuwa naandika risiti kumi, nasubiri dakika nzima, nakata. Zote salama! Bila shaka zilikuwa salama, zilikuwa zimeshashuka. Kata wakati inaandika, na muda uwe wa kubahatisha. Nilipofanya hivyo programu ya zamani ilianguka kwenye mkato wa pili.

Miezi iliyofuata naiacha, ilikuwa ya kuwasha na kuzima. Niliita fsync kwa faili, kisha kwa folda, kwa sababu jina nalo linahitaji kushuka. Bado zilipotea mbili tatu. Nilijilaumu wiki nzima kabla ya kubadilisha diski, na tatizo likaisha. Ile diski ya kwanza, SSD ya bei poa, ilikuwa inasema imeshusha wakati data ingali kwenye kache yake. Kwa hiyo jaribu kwa diski ileile utakayompa mteja, si ile nzuri ya kwako.

Wanaotumia SQLite, hifadhidata inayokaa kwenye faili moja, wataniambia wao wamepona. Someni mipangilio yenu. Ukiwa kwenye WAL, hali ya kuandika kwanza kwenye daftari la pembeni, na synchronous, yaani kiwango cha kuisubiri diski, ni NORMAL, hifadhidata haitaharibika, lakini miamala ya mwisho inaweza kutoweka stima ikikatika. Kwa madeni ya watu weka FULL. Na msiniletee habari ya UPS, ile betri ya akiba. UPS ya dukani huchomolewa na mtu anayetafuta pa kuchajia simu.

Mwezi uliopita nilimaliza mikato 600 bila kupoteza risiti hata moja. Naisema kwa majivuno na siombi radhi. Tunapenda kuzindua, tunapenda picha ya kijani, lakini neno "imehifadhiwa" ni kiapo, na wengi wenu mnaapa kwa kitu ambacho hamjakigusa. Iteni fsync. Kateni stima. Nitarudia hadi mnichoke.

Kijana, Jumatatu usimwekee mteja kitu. Njoo Jumamosi, relei ninayo, laptopu yako iwe na chaji.

Nilirudi Nyamakima pia. Nilimwambia mama abonyeze, kijani kikatokea, nikachomoa waya ukutani mbele yake. Nikawasha. Risiti ipo, nzima. Akaitazama, akanitazama.

"Vizuri," akasema. Kisha akavuta kaunta buku, akalamba kidole, akafungua ukurasa, akaandika: mchele, magunia mawili.