Nibadilishe prosesa ya laptop yangu ya zamani?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina ThinkPad T430 yenye Core i5-3320M, RAM ya GB 4 na diski yake ya zamani. Kuwaka tu ni dakika kadhaa. Nimepata i7-3520M iliyotumika. Nikiipachika itakuwa nyepesi?

Jibu: Itaingia na itafanya kazi. Ila usiinunue.

Jina la i7 lisikuhadae. Hiyo 3520M ina kori 2 (sehemu za ndani zinazofanya kazi sambamba), sawasawa na yako. Imeizidi spidi ya msingi, GHz 2.9 kwa 2.6, na kidogo kwenye kashe, yaani kumbukumbu ya ndani ya prosesa. Ukikaa mbele ya skrini hutaona tofauti.

Kwanza tujue mwizi ni nani. Laptop inapogoma, bonyeza Ctrl+Shift+Esc utazame asilimia. Diski ikisoma 100 huku prosesa iko 15, prosesa unaisingizia. Kwa maelezo yako naona ni hivyo: GB 4 zikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski, nayo diski ya kuzunguka haiwezi kasi hiyo. Weka SSD, diski isiyozunguka, ya SATA ya inchi 2.5 na uongeze RAM ya DDR3L ifike GB 8. Utadhani umebadilishiwa mashine.

Kama unahariri video, na prosesa ndiyo inayokaa 100 muda wote, hapo tutaongea. Tafuta i7-3632QM: kori 4, lakini wati 35 kama hiyo yako. Ndugu zake wengi wa QM hula wati 45. Ukiweka hizo, feni itapiga kelele na prosesa itajipunguza kasi yenyewe kwa joto. Muuzaji akuonyeshe upande wa chini, maana 3632QM hiyo hiyo ilitoka pia ya kuchomelewa kwenye bodi. Unayotaka ina pini.

Sasisha BIOS, programu ya bodi inayoiwasha laptop, kabla hujafungua kitu. Kisha chomoa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache umeme uliobaki uishe. Ukishaondoa hitisinki, chuma cha kupoza kilicho juu ya prosesa, utaona skrubu moja pembeni mwa soketi, ina alama ya kufuli. Izungushe nusu mzunguko kwa bisibisi bapa, prosesa italegea. Mpya ilaze huku pembetatu ndogo ya konani ikikaa kwenye kona yake. Itadondoka mahali pake bila kusukumwa. Ikikataa, inyanyue utazame pini, usiikandamize. Futa pesti kavu ya kupitisha joto kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, rudisha skrubu za hitisinki kwa zamu, kila moja kidogo kidogo. Prosesa za laptop hazina kofia ya chuma ya kulinda chipu, na mimi niliwahi kumega kona ya moja kwa kukaza upande mmoja hadi mwisho. Haikuwaka tena.

Wenye laptop nyingine: prosesa ya Intel ikiishia na U au HQ, imechomelewa kwenye bodi, na kuanzia kizazi cha 5 hakuna tena ya laptop inayochomoka. Na kama shabaha yako ni Windows 11, Microsoft inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Soketi ya T430 inaishia cha 3.